Liacheni kosa ubaoni

Wiki iliyopita niliandika ubaoni (x + 3)² = x² + 9. Kosa hilo nililitoa kwenye daftari la mmoja wa wanafunzi wangu, nikabadilisha namba ili hata mwenyewe asijijue. Nikawaambia wote, hawa wa tuisheni hapa Wete, Pemba, ambao skuli wameshazoea kufeli hesabu: hili ni kosa. Nielezeni tu, aliyeandika alikuwa akifikiri nini?

Kimya. Kisha msichana wa nyuma, ambaye tangu tuanze hajawahi kunyanyua mkono, akasema: "Ile mbili ya juu kampa kila mmoja yake, mwalimu, kama tunavyofungua mabano."

Hasa! Kosa lile lilikuwa na akili ndani yake. 3(x + 4) kweli ni 3x + 12, tatu inamfikia kila mmoja. Aliyeandika kadhani kipeo, ile mbili ya juu, nacho huenda vivyo hivyo.

Tukajaribu x iwe 2. Kushoto 25, kulia 13. Zimepotea 12, zimekwenda wapi? Tukachora mkeka wa mraba, kila upande x + 3, tukaukata: kipande cha x², kipande cha 9 pembeni, na vipande viwili virefu vya 3x ambavyo mwenzetu kavisahau. x ikiwa 2, kila kimoja ni 6. Zile 12 tukaziona kwa macho.

Naumia nikifungua madaftari yao. Kosa limetiwa wino mwekundu, chini yake sahihisho limenakiliwa kwa mwandiko mzuri, ukurasa wa pili kosa lile lile limerudi. Fikra ya mtoto haijaguswa. Chuoni, tunakosomesha Kurani, hatufanyi hivi: anayesoma akikosea herufi, maalimu humsimamisha pale pale, hairuki mpaka ulimi ukae sawa.

Wenzangu wanahofu kwamba kosa likikaa ubaoni mtoto atalikariri. Hofu hiyo naielewa, ndiyo maana hulitangaza kuwa kosa tangu mwanzo, na njia sahihi nikaiweka ubavuni mwake. Lakini mifano kumi sahihi mfululizo humfaa aliyekwisha kuelewa. Anayeyumba anataka kuoneshwa njia yake mwenyewe inapokatikia.

Jana yule msichana kaja na kosa jengine, kalitafuta mwenyewe kwenye daftari lake la zamani. Kutoka 5x = 20 alikuwa ameandika x = 15.

"Nilidhani tano imejumlishwa," akaniambia, "kumbe imezidishwa."

Tunaanza nalo Jumamosi.