Ngoma Si ya Kumsubiri Mgeni Rasmi

Usiku mmoja wa Julai 1959, polisi walivamia shule ya Highlander kule Tennessee, Marekani. Kosa la shule ile lilijulikana: watu weusi na weupe walikula meza moja na kufundishana kudai haki bila kumwaga damu, wakati sheria za kusini zikiwatenga. Taa zikazimwa, upekuzi ukaanza. Miongoni mwa waliokaa gizani alikuwamo msichana wa miaka 14 kutoka Montgomery, Jamila Jones. Wakaanza kuimba "We Shall Overcome", yaani tutashinda, na humo gizani ukazaliwa ubeti mpya: hatuogopi. Ukadakwa na wote. Jones alikuja kusimulia kwamba polisi mmoja alimsogelea akitetemeka, akamuuliza kama ni lazima waimbe kwa sauti kubwa namna ile.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara namfikiria yule polisi. Ana bunduki, ana sheria, na anatetemeka mbele ya watoto wanaoimba.

Wimbo wenyewe ulikuwa umeshapita mikono mingi. Ulitokana na nyimbo za makanisa ya watu weusi. Mwaka 1945 wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku cha Charleston, South Carolina, wengi wao wanawake weusi, waliuimba kwenye mgomo wao. Zilphia Horton wa Highlander akaupokea kutoka kwao, akamfundisha mwimbaji Pete Seeger. Mwaka 1960 mwimbaji Guy Carawan akawaimbisha wanafunzi wapigania haki waliokutana Raleigh, North Carolina, nao wakatawanyika na wimbo huo kusini kote. Leo watoto wa shule India wanauimba kwa Kihindi. Aliyeupokea alibadili neno, akapunguza mwendo, akatia ubeti wa shida yake, na hakuna aliyemwambia amekosea.

Sisi tuna nyimbo za namna hiyo tele. Mwimbishaji anatoa, waitikiaji wanapokea, na mwenye neno moyoni analichomeka katikati. Mama akitaka kumsuta jirani, hasemi, anaimba. Wamasai nao wana wao, olaranyani, anayetangulia kwa sauti huku wenzake wakimjibu kwa mvumo wa kifuani. Makabila mawili yasiyoelewana lugha yanaelewana kabisa katika jambo hilo moja: mmoja atoe, wengine waitikie.

Ndiyo maana niliumia kwenye mkutano mmoja wa usuluhishi kati ya wakulima na wafugaji niliohudhuria miaka kadhaa iliyopita. Kikundi cha ngoma cha akina mama kilifika saa mbili asubuhi, kikapangwa juani kutumbuiza mpaka mgeni rasmi afike. Akafika saa sita. Ngoma zikanyamazishwa katikati ya wimbo, mshereheshaji akasema, "Tunawashukuru sana mama zetu," kisha zikafuata hotuba mpaka alasiri. Vijana wa Kimasai walikuwa wamesimama pembeni, chini ya mti, wameegemea fimbo zao. Wakati akina mama wanaimba, wawili kati yao walikuwa wameanza kutikisa vichwa na kuguna wakifuata mapigo. Hotuba zilipoanza, wakaondoka.

Tuliita ule mkutano wa amani, na kitu pekee kilichokuwa kimeanza kuwakutanisha watu tukakifanya kijaza muda.

Sisemi kwamba muziki wa jadi ni dawa ya kila kitu. Simon Bikindi alikuwa bingwa wa muziki wa asili Rwanda, na nyimbo zake zilitumika katika propaganda ya chuki ya mwaka 1994. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mwaka 2008. Kilichomtia hatiani hakikuwa nyimbo zenyewe, ni maneno ya kuchochea mauaji aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani. Lakini hukumu ile haijaniondolea hofu. Midundo ileile inayomfanya mtu aitikie bila kufikiri inaweza kumwitikisha lolote. Kwa hiyo naangalia kwanza nani ameshika wimbo, na kama aliye upande wa pili ana nafasi ya kutia ubeti wake. Wimbo unaotoka redioni kwenda kwa msikilizaji tu hauna nafasi hiyo, hata neno amani likitajwa mara mia. Hilo nalisema pia kuhusu nyimbo za amani zinazorekodiwa kila uchaguzi unapokaribia.

Kwa wenzangu mnaoandaa mikutano ya usuluhishi, ombi langu ni hili. Wapeni akina mama asubuhi nzima. Mwiteni na olaranyani, msimweke pembeni chini ya mti. Mama aimbe juu ya shamba lake lililoliwa, kijana aimbe juu ya ng'ombe zake waliokatwa mapanga, na kila upande uitikie wimbo wa mwenzake. Mgeni rasmi akifika, akute kiti chake kiko miongoni mwa waitikiaji.