Ukuta wa Mpakani Hautatulinda na ADF

Kila mauaji yanapotokea Beni, Lubero au Irumu, huku mashariki mwa Kongo, hoja ile ile hurudi hapa Goma: serikali ijenge ukuta mpakani na Uganda, magaidi wa ADF, kundi la waasi wenye silaha, wasipite tena. Nawaelewa wanaosema hivyo. Aliyezika ndugu zake waliokatwa kwa mapanga anataka ulinzi anaoweza kuuona kwa macho. Lakini naamini ukuta ungekula fedha zetu na mauaji yangeendelea vilevile.

ADF ilianzishwa na Waganda, ndiyo, ila imo katika ardhi yetu tangu miaka ya 1990. Watu wake wameoa huku, wamezaa huku, na wanateka vijana wetu na kuwafanya wapiganaji. Novemba 2021 jeshi la Uganda lilipoingia kusaidiana na jeshi letu, FARDC, katika operesheni Shujaa, wapiganaji wengi wa ADF walisonga magharibi, kuelekea Mambasa na Lubero, mbali zaidi na mpaka. Juni 2024 wakaua makumi ya watu Lubero. Julai 2025 wakavamia kanisa la Komanda, waumini wakiwa kwenye mkesha. Ukuta pale Kasindi, kwenye mpaka na Uganda, ungewazuia wapi hao?

Wakenya walishapita njia hii. Mwaka 2015, ambao Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili, serikali yao ilianza kujenga kizuizi kwenye mpaka na Somalia, unaokaribia kilomita 700. Zilijengwa kilomita chache tu za uzio upande wa Mandera, kisha kazi ikasimama. Na mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu.

Israel ilikuwa na kila kitu ambacho sisi hatuna. Desemba 2021 ilikamilisha uzio wa kilomita 65 hivi mpakani na Gaza: chuma kirefu kuliko mita 6, zege chini ya ardhi, kamera, rada, bunduki zinazoendeshwa kwa mbali. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas walizipiga kamera kwa droni, wakalipua uzio, wakaupanua kwa tingatinga. Watu kama 1,200 waliuawa. Linaloniumiza zaidi ni kwamba askari wa kike waliokuwa wakiangalia kamera zile walikuwa wameshatoa taarifa za mienendo ya kutia shaka, na wakubwa wao hawakuwasikiliza.

Kuna watakaonitajia ukuta wa Israel katika Ukingo wa Magharibi wa Palestina, ulioanza kujengwa 2002. Kweli, mashambulizi ya kujitoa mhanga yalipungua sana miaka iliyofuata. Lakini ukuta huo haujakamilika hadi leo, na kulikuwa pia na upelelezi mkali na vipindi vya kusitisha mapigano. Kuupa ukuta sifa yote si haki.

Kwetu, kutosikilizwa ndiyo habari ya kila mwaka. Wanakijiji wanaona wageni wakipita shambani, wanatoa taarifa, askari wanafika baada ya maziko. Wengine wananyamaza, maana jina la mtoa taarifa likivuja, yeye ndiye atakayefuatwa kwanza.

Kongo ina majirani 9 na mipaka ya zaidi ya kilomita 10,000. Tuanzie wapi kujenga? Hapa Goma, wenye kuumia kwanza wangekuwa wamama wanaovuka Petite Barrière, kivuko cha kuingia Gisenyi, Rwanda, na nyanya na sombe vichwani, na walemavu wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Nyiragongo ilipolipuka usiku wa 22 Mei 2021, maelfu yetu tulikimbilia Gisenyi. Mji uliokaa kati ya volkeno na ziwa hauwezi kujifungia kwa hiari njia yake ya kuokoka.

Fedha za ukuta, kama zipo, zitumike kulipa mishahara ya askari walio msituni kwa wakati, ili wasiuze risasi wala kulala njaa. Zipeleke minara ya simu vijijini, zitengeneze barabara ambazo kikosi kinaweza kupita hata msimu wa mvua. Na kila kamanda aliyepewa taarifa ya shambulio linalokuja, asichukue hatua, aitwe mbele ya mahakama ya kijeshi aeleze kwa nini, na familia za waliokufa ziruhusiwe kukaa humo zimsikilize.