Sanamu ya Daraja la Kall: Huruma ya Daktari au Sabuni ya Jeshi?

Katika msitu wa Hürtgen, magharibi mwa Ujerumani, kuna kijito kiitwacho Kall. Kwenye daraja lake dogo imewekwa sanamu iliyozinduliwa mwaka 2004, miaka 60 baada ya Wajerumani na Wamarekani kuacha kurushiana risasi pale ili kila upande uwaondoe majeruhi wake.

Tukio lenyewe halibishaniwi. Novemba 2, 1944, Divisheni ya 28 ya Marekani, yenye asili yake katika askari wa akiba wa jimbo la Pennsylvania, ilianza kushambulia kuelekea kijiji cha Schmidt. Njia yao ilishuka bondeni hadi Kall, kisha ikapanda upande wa pili: nyembamba, matope tupu, huku mwamba, huku poromoko. Vifaru viliteleza, minyororo yake ikachomoka, vikaziba njia. Mpaka leo mpita njia anakanyaga vipande vya mnyororo wa kifaru vilivyodidimia ardhini. Divisheni iliondolewa ikiwa imepoteza zaidi ya watu 6,000, kwa kuhesabu wafu, majeruhi, mateka na waliopotea. Katikati ya balaa hilo, kati ya Novemba 7 na 12, daktari wa Kijerumani, Kapteni Günter Stüttgen, alielewana na Wamarekani, bila urasmi wowote, kusimamisha mapigano mara kadhaa. Timu yake ikawatibu na Wamarekani pia. Mwaka 1996 gavana wa Pennsylvania alimtunukia heshima kwa hilo.

Wanaoitetea sanamu wana hoja nzito. Minara mingi ya vita husifu ushindi au huorodhesha waliokufa. Huu unawakumbuka waliopona. Tena heshima haikuanza kwa Wajerumani kujipongeza. Ilitoka kwa upande uliokuwa adui yao, na askari wa zamani wa pande zote mbili walikuja kupeana mikono pale pale.

Lakini wapo wanahistoria wa Kijerumani wanaoitilia shaka namna vita vinavyokumbukwa katika eneo zima la Hürtgen, nami siwaoni kama watu wa kutafuta ila tu. Hadithi ya adui mwema ikisimuliwa peke yake, hulisafisha jeshi zima lililomtuma. Panda kutoka bondeni hadi makaburi ya wanajeshi wa Kijerumani huko Vossenack, walikozikwa zaidi ya watu 2,300. Miongoni mwao yumo Jemadari Walter Model, ambaye Wasovieti walimtuhumu kwa uhalifu wa kivita. Jeshi hilohilo liliwaachia mateka wa Kisovieti zaidi ya milioni 3 wafe, wengi kwa njaa, baridi na maradhi. Mgeni anayeishia darajani anaondoka na nusu ya habari, ile nusu inayopendeza.

Hapo ndipo ninapoelemea upande wa wakosoaji, ingawa sanamu nisingeigusa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, ambao Ujerumani iliuridhia, ulitaka majeruhi atibiwe bila kujali taifa lake. Kifungu cha 3 kilikwenda mbali zaidi: hali ikiruhusu, wapiganaji wasimamishe mapigano mahali hapo ili majeruhi walio kati ya mistari ya pande mbili za mapigano waondolewe. Kwa hiyo, alichokifanya Stüttgen ndicho sheria ilichoagiza. Hilo halimpunguzii ujasiri. Kutoka kwenye handaki na kwenda kuzungumza na watu wenye bunduki si jambo dogo. Ila linageuza swali. Badala ya kustaajabia wema wa Mjerumani mmoja, tunalazimika kuuliza kwa nini utii wa sheria ulikuwa adimu kiasi cha kujengewa sanamu, na kwa nini jeshi lake lilikumbuka wajibu kwa Mmarekani likausahau kwa Mrusi.

Kibao kimoja chenye maneno ya kifungu hicho, kikiwekwa hapo darajani pamoja na maelekezo ya njia ya kwenda makaburini Vossenack, kingefanya kazi kubwa kuliko sanamu ya pili.