Kutoka Moro kwenda kuogelea Dar: chagua ufukwe kwanza, usafiri baadaye

Morogoro tuna milima, tuna mito, tuna matunda ya kila msimu, ila bahari hatuna. Shule zikifungwa tu watoto wanaanza kudai kupelekwa Dar, na watu wazima wanaanza kubishana: tupande SGR, ile treni ya umeme, au tukodi gari, twende na kurudi siku hiyo hiyo?

Ubishi wenyewe naona huwa unaanzia pabaya. Watu wanakimbilia kulinganisha nauli na bei ya kukodi Noah, ile gari ya kubeba familia nzima, halafu ndiyo wanaulizana wataogelea wapi. Ilitakiwa iwe kinyume. Treni inakushusha Stesheni, katikati ya jiji, karibu kabisa na Feri, pa kuvukia kwenda Kigamboni. Gari inakuingiza kwa nyuma, kupitia Kibaha na Mbezi. Ufukwe ulio rahisi kwa mmoja ni usumbufu mtupu kwa mwingine.

Hesabu nazo tuzimalize mapema. Nauli ya kawaida iliyotangazwa safari zilipoanza Juni 2024 ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na nusu yake, 6,500, kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Baba, mama na watoto wawili ni 78,000 kwenda na kurudi. Gari ya kukodi itatembea si chini ya kilomita 400. Ikila lita moja kwa kilomita kumi, na petroli ikiwa karibu 3,000, mafuta peke yake ni kama 120,000. Hapo hujamlipa dereva wala mwenye gari, na dereva anashinda anakusubiri siku nzima, lazima ale. Kwa watu wanne treni imeshinda bila jasho. Mkifika saba, wote watu wazima, treni inakuwa 182,000 na Noah inaanza kuongea lugha inayoeleweka.

Sasa tuseme mnakwenda Kigamboni. Hapa sina mjadala, pandeni treni. Chini ya saa mbili mko Dar, mnachukua bajaji hadi Feri, mnaingia kwenye pantoni. Na kwa mtoto wa Moro, pantoni ndiyo nusu ya safari. Mnasimama pale kwenye banda la kusubiri na mamia ya watu, wenye ndoo za samaki, wenye baiskeli, wenye suti za ofisini. Geti likifunguliwa umati wote unatembea mbio mbio kama kuna kitu kinagawiwa. Mshike mtoto mkono kwelikweli. Dakika chache juu ya maji, upepo wa chumvi usoni, meli za mizigo zikiingia na kutoka bandarini, halafu ng'ambo mnapanda daladala au bajaji nyingine hadi Mjimwema. Mwenye gari ama apange foleni ya magari kwenye pantoni hiyo hiyo, ama azunguke hadi Daraja la Nyerere la Kurasini, lililofunguliwa 2016, akalipe tozo. Na kufika huko ameshapita Mlandizi, Kibaha, Mbezi, Kimara, Ubungo na Mandela Road. Barabara imepanuliwa sana kuanzia Kibaha kuingia mjini, sikatai, lakini malori ya Zambia na Kongo yanapita humo humo, na vibao vya hamsini kwenye kila kijiji kuanzia Mikese vinasubiriwa na askari wenye tochi za kupima mwendo.

Coco Beach nayo ni ya watu wa treni. Kuogelea kwenyewe pale ni kwa kubahatisha, watu wanafuata mihogo na mishikaki, lakini kutoka Stesheni si mbali.

Bagamoyo ni habari nyingine kabisa. Hapo anayekushauri treni hakutakii mema. Ukiwa na gari, unakata kushoto Chalinze, unapanda hadi Msata, unashika lami ya Msata–Bagamoyo ya kilomita 64 na kuingia mjini humo bila kuiona foleni ya Dar hata kidogo. Mnaogelea, mnapita Kaole kuona magofu, mnawaonyesha watoto Mji Mkongwe, mnarudi njia ile ile. Kwa treni itabidi ufike Dar, uvuke jiji zima kuelekea Mwenge na Tegeta, kisha uendelee na daladala hadi Bagamoyo, na jioni uyarudie yote hayo huku ukiangalia saa. Vivyo hivyo kwa Kunduchi na boti za kisiwa cha Mbudya: mwenye gari anakatiza Mbezi kupitia Goba na Madale hadi Tegeta, huku aliyekuja na treni bado anahangaika na foleni za mjini.

Kuna jambo moja watu wa bara tunalisahau, nalo linaamua raha ya siku kuliko usafiri wenyewe: maji. Pwani hii ya Dar, siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Sasa piga picha: umeamka usiku wa manane, umepanda treni ya kwanza, saa nne upo ufukweni na bahari imekimbia, umebaki mwani na matope na watoto wanaokuuliza maji yako wapi. Maji yanakuja kujaa vizuri saa ambayo inabidi uwakaushe watoto uwahi Stesheni. Wiki ya mwezi nusu, siku za maji mafu, mambo yanageuka: maji yanakuwa juu asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kwa hiyo wa treni atazame mwezi kabla ya kukata tiketi. Wa gari anaweza kusubiri, maana gari haina ratiba.

Na hilo ndilo jibu la wapenda gari siku zote, uhuru. Wana hoja. Mnabeba sufuria la pilau, mkeka, tikiti maji na bibi asiyeweza kupanda ngazi. Kwenye treni begi linapita kwenye mashine, kitambulisho kinaangaliwa, na ukichelewa geti linafungwa ukiwa unalitazama. Stesheni ya Morogoro yenyewe iko Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo usiku mkirudi bado mnatafuta bajaji. Umeme nao una siku zake. Wote tunakumbuka 2024 treni iliposimama na ngedere na bundi wakatajwa kati ya wahusika. Ila pilau lisikudanganye sana, kwa sababu sehemu nyingi za Kigamboni zenye hoteli hazitaki chakula cha kutoka nje.

Mkiamua treni, kateni ya kurudi siku mnayokata ya kwenda, na wikiendi msisubiri dakika za mwisho. Kigamboni ondokeni mapema, kwa sababu Jumapili jioni Dar nzima inataka kurudi kwa pantoni ile ile.

Kinachoniweka mimi upande wa treni hata pale hesabu zinapokaribiana ni safari ya kurudi. Dereva uliyemkodi aliamka saa tisa usiku, ameshinda juani akisinzia ndani ya gari, na mara nyingi ni teksi bubu ambayo bima yake hujaiona. Sasa saa mbili usiku anashika barabara Chalinze kwenda Bwawani, malori yanakuja na taa kali, mengine yameharibika yamewekewa matawi ya miti barabarani, na nyinyi nyote mmelala. Shemeji yangu anasema dereva wake hachoki. Mchana, njia ya Msata, nitapanda naye. Usiku kutokea Dar, watoto wangu hawapandi.