Tulimpa Chura wa Kihansi Tiketi ya Ndege, Tukamnyima Maji

Mtaje chura wa Kihansi mahali popote Tanzania penye watu watatu, wawili watacheka. Mmoja atauliza amekula mabilioni mangapi ya fedha za kumwokoa. Wa pili atashangaa vyura wamepandaje ndege kwenda Marekani wakati babu yake hajawahi hata kuiona kwa karibu.

Kicheko hicho nakielewa. Chura mwenyewe ni kidude cha manjano, jike aliyekomaa hafiki sentimita 3. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 za majani yaliyolowa chini ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa. Ni kama ekari tano tu. Kuna watu wana shamba la mahindi kubwa kuliko hapo. Lakini maji yakianguka na kupasukia kwenye miamba, korongo lile lilijaa manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Chura huyu hatagi mayai kwenye dimbwi. Jike huzaa vichura vilivyokamilika, hakuna habari ya viluwiluwi. Kwa hiyo hakudai bwawa wala ziwa. Alidai manyunyu.

Manyunyu ndiyo tuliyomchukulia. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ukiwa umeshaanza. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, kiasi cha asilimia 90 ya maji kikachepushwa kwenye handaki, na korongo likaanza kukauka. Hapo ndipo mbio zikaanza. Vyura 499 wakakusanywa na kupelekwa Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, na baadaye wengine wakalelewa kwenye bustani ya Toledo, hukohuko Marekani. Huku nyumbani yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, ili mashine ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na maporomoko bure.

Kwa muda ilielekea kufaulu. Katikati ya mwaka 2003 vyura wa korongoni walikadiriwa kufika 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wameporomoka vibaya. Kuvu anayeshambulia ngozi za vyura alikutwa pale, na wapo wanaonyooshea kidole pia tope lililofunguliwa kutoka bwawani likiwa na mabaki ya viuatilifu vya mashamba ya juu. Chura hunywa maji na kuvuta hewa kupitia ngozi, kwa hiyo sumu haihitaji kuingia mdomoni. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, ilitangaza kwamba ametoweka porini.

Najua hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Ni kazi ya kujivunia, sibishi. Ila napata shida kuuita ushindi. Kiumbe anayeishi kwa kutegemea bomba lisizibe ni kama mgonjwa wa mashine ya kupumulia: yu hai, lakini usiseme amepona.

Halafu tunaambiwa tuchague, umeme au chura. Mimi nautaka umeme, na sijasikia mtu mwenye akili timamu akidai mitambo ile izimwe. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi: korongo la chini lilipaswa kukaguliwa kabla katapila la kwanza halijawashwa. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tathmini ya athari ni lazima, lakini miradi mingi bado inaichukulia kama muhuri wa kutafutwa baada ya uamuzi kupita. Mkaguzi akifika wakati mkandarasi ameshalipwa, atakachokigundua kitakuwa usumbufu tu.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi tunavyolitazama korongo na kusahau kule maji yanakotoka. Kihansi inaanzia juu, upande wa Mufindi, ambako watu wanalima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kwa sababu ndiko kwenye unyevu wakati wa kiangazi. Ukilima mpaka ukingoni, udongo unashuka na dawa zinashuka nao. Tope hilohilo linalomtishia chura linajaza bwawa la TANESCO. Yaani chura na mtambo wana adui mmoja, na bado tunawagombanisha kila bajeti inapojadiliwa.

Kama ningepewa nafasi ya kuamua, sehemu ndogo ya mapato ya umeme wa Kihansi ingerudi kwa wakulima wa juu: miche, mbegu, na fidia kwa anayeacha ukingo wa mto bila kuulima. Kiasi cha maji kinachoachiwa korongo kingetangazwa kila mwezi, mtu yeyote asome. Na fedha hizo zisiitwe za chura. Zisomwe bungeni kama fedha za kulinda mto unaotuwashia taa, tuone nani atacheka.