Joto la Mombasa halitoshi, sasa twaenda kununua lingine Loiyangalani

Mie ni fundi wa friji na AC hapa Kisauni, miaka kumi na tisa nakula kwa jasho la wenzangu. Watu wakilia joto mie nanunua unga. Kwa hivyo jua sina ugomvi nalo, lakini jua la kazini libaki kazini, siku ya kupumzika mtu huenda kwenye baridi, Limuru, Lushoto, hata Taita kwa shangazi, ukajifunika blanketi mchana ukajiona tajiri. Sasa mwezi wa pili mama watoto akaniketisha, akanimiminia chai ya tangawizi na kaimati nane kwenye sahani, mie nikajua hapa kuna msiba ama kuna pesa zinatakikana. Akanionyesha picha kwa simu, mama wa Kirendille amevaa shanga mpaka shingo haionekani. "Baba watoto, mwaka huu twende huku."

Huku wapi? Loiyangalani, huko Marsabit kaskazini mwa Kenya. Kuna bahari? Kuna ziwa, Ziwa Turkana. Kuna kivuli? Hapo akakohoa kidogo, kisha akasema jina lenyewe kwa Kisamburu maana yake ni mahali pa miti mingi.

Nimeitafuta hiyo miti kwenye picha. Ipo, nisiwe muongo, kuna chemchemi na kuna mikoma, mikoma hii hii yetu ya Pwani. Lakini jamani aliyeiita mingi alikuwa ametokea wapi? Nadhani alikuwa amevuka jangwa la Chalbi, kule chumvi imekauka ardhi ikapasuka kama kisigino kisichojua mafuta, ukitoka pale na roho yako miti mitatu utaiita msitu.

Haya, tuseme ukweli, jambo lenyewe linavutia. Kuna tamasha hufanywa pale Loiyangalani tangu 2008, makabila 14 ya Marsabit yanakutana, Warendille, Wagabra, Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wadassanech, na El Molo ambao ni wachache kweli kweli na ndio wenyeji wa uvuvi wa ziwa lile. Kila kabila linajenga nyumba zake pale pale, linacheza ngoma zake, siku tatu watu hawalali. Tarehe yake nayo ni ya kuhamahama kama wenyewe, mwaka huu mwezi huu, mwaka mwingine mwezi mwingine, wewe umeshaomba ruhusa kazini kumbe wamesogeza.

Mie kilichonishika hasa ni nyumba ya Wagabra. Nyumba ya vijiti, mikeka na ngozi, wanawake ndio wanaisimamisha na ndio wanaivunja, malisho yakiisha inafungwa juu ya ngamia, hao wanakwenda. Nimelifikiria jambo hili siku nzima niko juu ya ngazi nafungua AC ya watu. Mie ningekuwa na nyumba ya kupakia, huyu mwenye nyumba wangu angenipata wapi tarehe tano? Angegonga mlango upi? Angekuta mafiga matatu na kinyesi cha ngamia.

Basi grupu ikafunguliwa. Watu kumi na mmoja, mimi, mama watoto, shemeji zangu wawili, mama mkwe, majirani na mweka hazina ambaye sijui nani alimchagua. Kichwa cha grupu: TURKANA TWENDE. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye hilo jina, na mie nilisema mapema nikaambiwa napinga maendeleo.

Maana Ziwa Turkana ni moja, lakini lina pande mbili, na kila upande una kaunti yake. Loiyangalani iko mashariki, Marsabit. Upande wa magharibi ndiko kaunti inayoitwa Turkana yenyewe, mji wake Lodwar, na huko nako wana sherehe yao, Tobong'u Lore, na yenyewe ina ngoma na shanga na ngamia. Sasa tumechanga miezi mitatu, siku ya kulipa malazi ndipo tunagundua watu watano wametuma depositi ya vyumba Lodwar na sita tumetuma Loiyangalani. Watano kwao njia ni Kitale. Sita kwetu njia ni Isiolo. Yaani tungeagana Nairobi kwa machozi kama watu wa talaka.

Mweka hazina, mtu mzima na kipara chake, akaandika kwenye grupu: "Hakuna shida, wa Lodwar watavuka kwa feri." Feri! Huyu ameshuka Likoni asubuhi na jioni maisha yake yote, akili yake inadhani kila maji ya Mungu yana feri upande wa pili imejaa matatu. Baba, ziwa lile urefu ni zaidi ya kilomita 250, lina mamba, na upepo wake unavuma mpaka mawe yanajificha. Halina Likoni. Aliposhindwa akatuma emoji ya mikono ya dua.

Depositi ya Lodwar wenye vyumba wamekataa kuirudisha. Simu inaita, inakatwa, halafu unatumiwa ujumbe "nitakupigia". Mie naijua hiyo sentensi vizuri, nimeishi nayo, ndiyo ninayowatumia wenye friji zao kwangu.

Tukaja kwenye gari. Shemeji mdogo akasema ana Probox. Nikamwambia shemeji, Probox tunaiheshimu, imebeba miraa, imebeba mbuzi, imebeba maharusi, lakini hapa tunazungumzia zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa Kisauni. Lami itakupeleka Nairobi, Isiolo, Archer's Post, Merille mpaka Laisamis, safi kabisa, unalala usingizi. Laisamis unakata kushoto, na lami inakuaga. Kutoka pale ni kilomita mia mbili na kitu za murramu, na ukikaribia ziwa ni mawe meusi ya volkano, kama mtu amechoma makaa akamwaga nchi nzima halafu akasahau kuyauza. Shemeji akaniuliza kwani mabasi hayafiki. Kaka, wewe umewahi kuona mawe yakiuliza kama wewe ni basi?

Na zile feni. Hapa nilidanganyika mimi mwenyewe, na aibu yangu naisema mwenyewe kabla hajaisema mama watoto. Niliona picha za Sarima, njiani kwenda Loiyangalani, feni nyeupe zimesimama mia tatu sitini na tano, nikahesabiwa kabisa, 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Moyo ukatulia. Nikasema hawa watu wana akili, joto limewazidi wameweka feni. Nikawatangazia grupu. Mtoto wangu wa darasa la saba ndiye aliyenishika mkono, "Baba, hizo hazitoi upepo, hizo zinakula upepo." Kumbe ni za umeme, megawati 310, na umeme wenyewe unasafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Fundi wa AC miaka kumi na tisa, nimefundishwa feni na mtoto wa darasa la saba. Nilitoka nikaenda kukaa barazani.

Mama mkwe yeye hana habari na haya yote, yeye anafunga chakula. Mahamri mia moja, sawa. Achari ya embe, sawa. Halafu ndoo ya samaki wa kukaanga. Nikamwambia kwa heshima zote, mama, kule wanaishi El Molo, wamevua samaki tangu enzi na enzi, kuwapelekea samaki ni kama kupeleka madafu Kilifi. Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, hao wana samaki wa ziwa. Wana ndimu?" Sikuwa na jibu. Ndoo inakwenda.

Tena ndiye aliyenimaliza kwa historia. Nilikuwa nalalamika safari ni ndefu, akasema hao watu wa Pwani wa zamani walifika kwa miguu. Nikadhani ni ngano za bibi, nikaangalia, ni kweli bwana. Yule Teleki, mzungu wa Austria-Hungaria, alitoka pwani ya Pangani 1887 na msafara wa wapagazi, wengi wao watu wa Pwani, mwongoza njia Jumbe Kimemeta wa Pangani, wakaliona ziwa mwezi wa tatu 1888. Njaa, kiu, wengine wakafia njiani. Halafu mzungu akaliita ziwa kwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, kama vile Jumbe Kimemeta alikuwa mzigo, mpaka 1975 ndipo likaitwa Turkana. Lakini mie linaloniuma ni lingine: wale walifika. Kwa miguu, na hawakuwa na grupu. Wangekuwa na grupu na mweka hazina wetu mpaka leo wangekuwa Pangani wanapiga kura.

Juzi nikaamua najitoa. Nimeandika kabisa, "Ndugu zangu, kazi zimebana, safari njema," kidole kiko juu ya kutuma, korokoroni wa mtaani kwetu akagonga. Kijana wa Kisamburu, mpole, rungu lake halijawahi kugusa hata paka.

"Fundi, nasikia unaenda kwetu."

Kwao ni South Horr, na gari linapita hapo hapo. Akaniuliza gari letu lina spea ngapi. Nikamwambia moja. Akacheka mpaka rungu likamwanguka, akaliokota, akasema tena "moja?" akacheka upya. Alipomaliza akanipa mfuko. Majani chai kilo mbili, sukari kilo nne, na tumbaku ya mamake. Nikamuuliza mama nitampata vipi. "Ukifika South Horr uliza tu mama wa yule kijana wa Mombasa." Nikamwambia ndugu yangu, huko si kila nyumba ina kijana Mombasa? Akasema ndiyo, lakini wewe uliza.

Miaka saba hajaonana na mamake. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kazi zimebana?

Kwa hivyo ujumbe nimeufuta, nimelipa 18,000 zangu, na mfuko uko chini ya kitanda. Chumba kizima kinanuka tumbaku, mama watoto ameniuliza mara mbili kama nimeanza kuvuta uzeeni. Na korokoroni kila nikirudi kazini ananiuliza, "Fundi, bado?" Jana amenigongea dirisha saa kumi ya alfajiri kuniuliza kama sukari haijaingia sisimizi.

Imeingia.