Nimetupa kilo mbili za mozzarella, mama kaninunia

Jumamosi ile umeme ulikatika saa kumi na moja jioni, ukarudi Jumapili saa mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe. Ndani ya friji yangu hapa Nyegezi, Mwanza, kulikuwa na jibini za aina tatu: kilo mbili za mozzarella iliyokunwa, kipande cha Cheddar cha ukubwa wa nusu mche wa sabuni, na kijipande cha Parmesan alichoniletea shemeji. Mimi huoka piza za oda, na Jumapili hiyo nilikuwa na oda sita.

Friji ambayo mlango wake hauguswi hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Yangu ina watoto watatu wanaotafuta maji. Nilipoifungua asubuhi nilikutana na joto lilelile la jikoni. Mozzarella yote nikaimwaga kwenye shimo la takataka. Cheddar na Parmesan nikazirudisha ndani.

Mama, ambaye alikuwa amekuja kutoka Magu kutusalimia, alisimama mlangoni akaniangalia. "Mwanangu, maziwa hayatupwi." Kisha akanyamaza, na waliolelewa na mama wa Kisukuma wanajua ukimya huo una uzito gani. Baadaye akaja na hoja yake kamili: kibuyu cha mgando hukaa pembeni mwa nyumba siku nenda siku rudi, friji hakiijui, na sisi sote tumekulia hayo hayo maziwa. Binti anayenisaidia kazi naye akaona pa kuingilia: "Lakini dada, si inaingia kwenye oveni? Moto utaua kila kitu."

Hoja hizo mbili nimezisikia kwa watu wengi, hata kwa wenzangu wa biashara hii.

Nianze na ya mama, maana ina ukweli mwingi. Mgando haukai kwa bahati. Bakteria wake wema hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na uchachu ukishapanda vijidudu wengi wabaya hawapati pa kukaa. Kila chakula kinachovumilia joto huku kwetu kina ulinzi wake wa namna hiyo. Dagaa mbichi wakichelewa kuanikwa nusu siku hata paka anawakwepa, lakini wakikauka wanasafiri magunia kwa magunia kutoka soko la samaki la Mwaloni hadi Kongo. Sangara akitiwa chumvi na kuanikwa anaitwa kayabo, naye anafika hukohuko. Michembe ni viazi vilivyonyimwa maji. Uchachu, chumvi na ukavu: mabibi zetu walivijua vyote vitatu bila kuona waya wa umeme.

Na jibini ngumu imetengenezwa kwa akili hiyohiyo. Maziwa yanachachushwa, yanagandishwa, maji yanakamuliwa, chumvi inatiwa, kisha jibini inawekwa ikomae miezi na miezi. Parmesan halisi ya Italia haiuzwi kabla ya kufikisha miezi 12. Cheddar ilikuwa ikiliwa Uingereza karne nyingi kabla friji haijabuniwa. Kulala nje ya baridi usiku mmoja kunaitoa jasho la mafuta, inalegea, ladha inapungua kidogo, basi. Huhitaji kuamini mwoka piza wa Nyegezi: Wizara ya Kilimo ya Marekani, watu wanaojulikana kwa woga wa chakula, wana jedwali la nini cha kutupa umeme ukikatika. Cheddar na Parmesan wameandika zibaki. Mozzarella, ricotta, jibini ya krimu na jamii yake nzima laini, zikikaa katika joto zaidi ya saa mbili, zitupwe.

Sasa mozzarella ni nini? Ni jibini changa, karibu nusu yake ni maji, na chumvi yake haba. Ukiiweka karibu na kayabo na sato mbichi, yenyewe ni sato. Tena yangu ilikuwa imekunwa, na jedwali lile linataka jibini iliyokunwa namna hiyo itupwe. Fikiria nazi. Nazi nzima unaiweka hata wiki mbili, ukishaikuna ikalala mezani, kesho asubuhi imechacha. Kukuna kunafungua nafasi kubwa ya hewa na vidole kugusa. Kwa hiyo mama yuko sahihi kuhusu kibuyu. Kosa lake ni kudhani kila kitokacho kwa ng'ombe ni kibuyu.

Hoja ya binti ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu inafanana sana na busara. Oveni yangu inafika nyuzi 250, ni kweli, na bakteria watakufa. Lakini kuna bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus, anaishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi wenye afya kabisa, huenda mimi na wewe tukiwemo. Akiangukia kwenye chakula chenye maji na joto la jikoni anazaliana, na wakati anazaliana anaacha sumu. Moto unamuua yeye, sumu yake hauiui. Mteja atakula piza inayonukia vizuri, na ndani ya saa chache anatapika mpaka nyongo. Na sumu hiyo haina harufu. Watu wanaonusa jibini kisha wanatoa hukumu wananichekesha. Pua inakwambia kama imechacha, haikwambii kama itakulaza. Ukungu angalau unaonekana: kwenye Cheddar nakata sentimita mbili na nusu kuzunguka na chini yake, iliyobaki naila, kwenye jibini laini sikati kitu.

Kilo mbili zile ni karibu shilingi 50,000. Niliumia, nisijifanye. Na nadhani hapo ndipo wengi tunapokosea: bei inaingia katika hesabu ambayo haiihusu, tunaanza kutafuta hoja za kuiokoa jibini badala ya kuuliza ni jibini gani. Halafu kuna wenzetu wa upande wa pili, waliosoma mahali kwamba mwisho ni saa mbili, wanatupa Cheddar nzima kwa sababu ilisahaulika mezani baada ya chakula cha usiku. Hao nao wananiuma vilevile.

Siku hizi mozzarella nainunua siku ya oda, nzima, naikuna mwenyewe, na nikiona umeme unachezacheza natuma kijana Mwaloni kwa wauza barafu tuijaze kwenye deli. Duka moja la mjini nimeacha kununua kwao. Pakiti zao nilizikuta vuguvugu ndani ya friji inayowaka taa tu. Muuzaji aliniambia, "Dada, hiyo ni jibini, haiharibiki." Nilimuuliza ipi. Hakunielewa.

Mama alirudi Magu Jumatano. Kabla hajaondoka nilimkatia ile Cheddar iliyolala kwenye joto, akaila kwa chai na michembe aliyokuja nayo. Akasema inanuka soksi. Akaomba kipande kingine.